Gari la kukodi au treni? Mwongozo kamili kwa anayepanga likizo Italia

Kila likizo zikikaribia swali ni hilo hilo, mtu viza ya Schengen kapata, tiketi ya ndege kakata, anataka kuzunguka Italia kama siku kumi hivi na anauliza akodi gari au apande treni. Majibu anayopewa yanategemea tu kamuuliza nani, mpenda kuendesha atamwambia kodi gari uwe huru, mwingine atamwambia treni za kule raha tupu. Wote wanasema kweli ila kila mmoja anaongelea safari yake. Msimamo wangu mimi ni kwamba usichague kwa safari nzima. Ikate safari vipande, kila kipande kiamue peke yake, na kwa Italia mara nyingi inatoka hivi: mijini treni, mashambani gari, na hilo gari ulichukue siku ile unayotoka mjini, usilichukue hata siku moja kabla.

Nimechagua Italia kwasababu ndo nchi ambayo kuchagua vibaya kunauma kweli. Ukikosea kwenye treni umepoteza masaa, ukikosea kwenye gari unaweza kupigwa faini kadhaa kwa siku moja bila trafiki hata mmoja kukusimamisha, na utajua miezi kadhaa baadae ukiwa umesharudi nyumbani.

Hatua ya 1: Andika unalala wapi kila usiku

Kabla hujafungua programu yoyote ya kulinganisha bei za magari, chukua karatasi uandike usiku wa kwanza hadi wa mwisho unalala wapi. Tuseme Roma usiku tatu, Firenze mbili, mashambani Toscana tatu, Venezia mbili. Huu mfano ntautumia hadi mwisho. Kama bado uko kwenye hatua ya viza hii karatasi itakusaidia na huko pia maana ubalozi unataka kuona ratiba inayoeleweka, ila buku vitu vinavyoweza kukanselika bila kukatwa hela mpaka viza itoke.

Hatua ya 2: Kila sehemu ipe alama, T (treni) au G (gari)

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe, usiharakishe.

T ni miji mikubwa yote. Roma, Firenze, Bologna, Milano, Napoli, Torino. Katikati ya hii miji unatembea kwa mguu, vivutio vimebanana, na ukiwa na gari utalilipia paking lilale tu. Treni za mwendo kasi zinakushusha katikati ya mji: Roma Termini hadi Firenze Santa Maria Novella ni kama saa moja na nusu, Firenze hadi Venezia kama masaa mawili na kidogo, Roma hadi Napoli saa moja na dakika chache, Milano hadi Roma kama masaa matatu. Kwa gari Roma hadi Firenze ni karibu kilometa 280, weka masaa matatu kama hakuna foleni, halafu ndo uanze kutafuta pa kuegesha.

Venezia ni T bila mjadala, mji wenyewe hauna barabara za magari. Gari linaishia Piazzale Roma kwenye magereji ya kulipia na wewe unaendelea kwa mguu au kwa boti, kwahiyo siku mbili zote unalipia gari ambalo hata hulioni.

T nyingine ambayo watu hawaitegemei ni Cinque Terre, vile vijiji vitano vya ukingoni mwa bahari. Treni inapita yote kati ya La Spezia na Levanto, kijiji hadi kijiji ni dakika chache, na magari hayana pa kukaa. Pwani ya Amalfi pia naiweka T ingawa picha zinamvutia mtu aendeshe. Ile barabara ni nyembamba, kona juu ya kona, mabasi makubwa yanakuja mbele yako, na wakati wa kiangazi paking ni ghali na hazipatikani. Panda treni hadi Salerno, halafu boti kwenda Amalfi kama ni msimu wake, au basi. Utaiona pwani vizuri kuliko anayeshika usukani, yeye macho yote yako barabarani.

G ni mashambani. Val d'Orcia kule Toscana, yaani Pienza, Montepulciano, Montalcino na San Quirico, ni vijiji viko juu ya vilima, stesheni ziko mbali, mabasi yapo lakini machache, na nyumba nzuri za kulala zile za kwenye mashamba ziko kilometa kadhaa nje ya kijiji kwenye barabara ya vumbi. Chianti hivyo hivyo. Sardegna yote ni G, Sicilia ukitaka kuingia ndani ndani ni G, na kusini kabisa mwa Puglia nako ukitaka kuhama ufukwe hadi ufukwe.

Kuna sehemu za katikati. Siena unafika kwa basi kutoka Firenze kwa kama saa moja na robo, huhitaji gari. San Gimignano unabadilisha basi Poggibonsi, inawezekana kabisa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Alberobello na Matera zinafikika kwa treni ndogo au basi kutoka Bari. Kwa hizi za katikati fanya jaribio moja: tafuta basi au treni ya mwisho kurudi siku ya Jumapili. Ikiwa hakuna, au ni ya saa nane mchana, na wewe unaenda Jumapili, basi ipe G au hamisha siku. Ratiba za Jumapili na sikukuu Italia zinapungua sana, na anayeangalia ratiba ya Jumanne akaenda Jumapili atakwama kijijini.

Milimani kule Alto Adige, upande wa Dolomiti, ulizia hoteli kabla hujakodi chochote. Nyingi zinampa mgeni kadi ya kupanda mabasi na treni za mkoa bure siku zote anazolala pale, hapo gari linakuwa la starehe tu.

Hatua ya 3: Angalia mko wangapi na mnabeba nini

Mtu mmoja au wawili, treni inashinda karibu kila mahali. Mkifika wanne hesabu inaanza kugeuka maana tiketi mnalipa kila mtu ila gari bei ni moja. Lakini pia msijidanganye, gari dogo la bei ya chini halibebi watu wanne na masanduku manne makubwa yale tunayosafiri nayo sisi, mtalazimika kuchukua kubwa zaidi na bei inapanda. Watoto chini ya miaka 4 kwenye treni za Trenitalia hawalipi kama hawachukui siti yao. Kwenye gari mtoto aliye chini ya sentimeta 150 lazima awe na kiti chake cha watoto, na wenye magari wanakichaji kwa siku.

Kama kuna mzee au mgonjwa wa magoti fikiria ngazi za stesheni na mawe ya mitaani, hapo naweza kukubali gari hata sehemu ambayo ningeipa T.

Hatua ya 4: Je, unaweza kukodi kweli?

Wengi wanaruka hatua hii halafu wanakwama kaunta na mabegi yao.

Leseni kwanza. Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya Italia anatakiwa awe na kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yake halisi, vyote viwili mkononi. Kibali unakichukua nyumbani kabla ya kuondoka, kupitia chama cha magari cha nchi yako, Kenya ni AA na Tanzania nako kuna chama chake. Ukishafika Italia huwezi kukipata tena. Kuna kaunta wanakupa gari bila kukuuliza kibali, lakini polisi akikusimamisha au ukipata ajali wewe ndo utajibu, na bima nayo inaweza kukugeuka.

Pili kadi. Wanataka krediti kadi halisi yenye jina la dereva, na juu yake wanazuia dipoziti ambayo mara nyingi ni mamia ya euro, wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu unayoijaza hela kwanza inafaa kununulia tiketi za treni, ila kaunta ya magari wataikataa. Kadi ya kawaida ya benki wengine wanakubali kwa sharti ununue bima yao yote, wengine hawataki kuisikia. Soma masharti ya kampuni kabla ya kulipa, na uhakikishe limiti ya kadi inatosha dipoziti na matumizi yako ya hoteli kwa pamoja.

Tatu, umri na gia. Chini ya miaka 25 kuna nyongeza kila siku. Na gari za bei rahisi Italia ni za gia za mkono. Wengi wetu tumezoea otomatiki kutoka Japani, kule ukitaka otomatiki uibuku mapema na ukubali kulipa zaidi. Ukichukua ya gia kumbuka usukani uko kushoto, kwahiyo gia unabadilisha kwa mkono wa kulia, na hapo hapo unaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume na kwetu na unampisha anayetokea kushoto kwako. Nakushauri kama hujaendesha gari la gia muda mrefu usianzie huko, lipia otomatiki au baki na treni. Anayetaka kuendesha Ulaya akiwa amebaki upande wake wa kushoto aende Uingereza, Ireland, Malta au Cyprus, huko atakuwa na amani zaidi.

Hatua ya 5: Piga hesabu yote, sio bei ya siku tu

Turudi kwenye mfano wetu wa siku kumi. Bei ni za kukadiria, zinabadilika kwa msimu, ila njia ya hesabu haibadiliki.

Gari safari nzima: tuseme euro 50 kwa siku mara 10 ni 500. Bima ya kuondoa makato (kile kiwango unachojilipia mwenyewe gari likiharibika) tuseme 15 kwa siku, ni 150. Mafuta, kilometa kama 900 kwa gari linalokula lita 7 kwa kilometa 100 ni lita 63, kwa euro 1.80 ni kama 113. Barabara za kulipia weka 50. Paking, usiku saba mnalala mijini, weka 30 kila usiku, ni 210. Jumla unakaribia euro 1,020 na hujapigwa faini hata moja.

Mchanganyiko: treni Roma hadi Firenze na Firenze hadi Venezia ukikata mapema tuseme 25 kila moja, mtu mmoja 50. Gari siku tatu za Toscana tu, 150, bima 45, mafuta kama 40, jumla 235. Mabasi na tram za mijini weka 40 kwa mtu. Wawili wanatumia 415, wanne wanatumia 595. Yaani hata mkiwa wanne gari la safari nzima halijashinda, na kinacholiua ni paking pamoja na zile siku linazolala tu.

Kitu kingine cha kwenye hesabu, siku ya gari inahesabiwa kwa masaa 24. Ukichukua saa nne asubuhi na kurudisha saa sita mchana siku ya mwisho, umelipa siku nzima ya ziada. Na kuchukua mji mmoja na kurudisha mji mwingine kuna chaji yake.

Hatua ya 6: Ukitumia treni, fanya hivi

Kuna aina mbili na zina tabia tofauti kabisa. Za mwendo kasi ni Frecciarossa za Trenitalia na washindani wao Italo, hizi bei inapanda kadri siku inavyokaribia, siti yako ina namba, na tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi haibadilishwi. Kata mapema ukiwa na uhakika. Linganisha kampuni zote mbili, wanapita reli zile zile na tofauti ya bei inaweza kuwa kubwa.

Za mkoa, Regionale, bei yake haibadiliki, hakuna haja ya kukata mapema. Ila tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kilichopo stesheni kabla ya kupanda, na ya kwenye simu unaiwasha mwenyewe kwenye simu. Mwenye tiketi isiyogongwa anachukuliwa sawa na asiye na tiketi na anatozwa faini.

Angalia pia neno sciopero, yaani mgomo, wiki moja kabla na jana yake. Migomo inatangazwa mapema, na siku za kazi kuna masaa ya asubuhi saa 12 hadi saa 3 na jioni saa 12 hadi saa 3 ambayo treni za mkoa zinatakiwa zitembee. Panga safari yako ndani ya hayo masaa.

Ukitua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, kuna treni ya moja kwa moja hadi Termini, Leonardo Express, euro 14, dakika 32. Usichukue gari pale uwanjani ukaingia nalo Roma, tafadhali.

Hatua ya 7: Ukichukua gari, fanya hivi

Chukua nje ya katikati ya mji. Kwa Firenze panda tram T2 kutoka karibu na stesheni kuu hadi uwanja wa ndege wa Peretola, kama dakika 20 hivi, gari lipokee kule na uondoke moja kwa moja kuelekea Siena kwa ile barabara ya mwendo kasi ambayo hailipiwi. Ofisi ndogo za mjini zinafunga mchana na Jumapili, za uwanjani zinakaa wazi zaidi.

Kabla ya kuwasha piga video gari lote, milango, bampa, rimu za tairi, kioo cha mbele, geji ya mafuta na kilometa. Mikwaruzo ambayo haipo kwenye fomu waambie waiandike pale pale. Bima ya msingi ipo kwenye bei ila ina kiwango unachojilipia mwenyewe kwanza, mara nyingi zaidi ya euro 1,000, na ndo maana watakushawishi ununue ya juu yake. Amua hilo ukiwa nyumbani umetulia, maana pale kaunta baada ya ndege ya usiku kichwa kimechoka.

Sasa ZTL, hii shika sana. Ni maeneo ya katikati ya miji ambayo gari lisilo na ruhusa haliingii kwa masaa fulani, yapo Roma, Firenze, Siena, Pisa, Bologna na miji kibao hata midogo. Hakuna geti, kuna kamera tu na kibao cha duara jeupe lenye ukingo mwekundu. Kibao cha taa kikiandika *varco attivo* maana yake kamera inafanya kazi, usiingie. *Varco non attivo* unaweza kupita. Kila ukipita ni faini mpya, ukizunguka mtaa mara tatu kutafuta hoteli ni faini tatu, na ramani ya simu haikuonyi kila mara. Kama hoteli iko ndani ya ZTL wapigie kabla, uwaulize kama wanaweza kusajili namba ya gari lako na uwatumie siku ile ile. Kama hawawezi, egesha nje utembee.

Mistari ya paking: bluu unalipia, nyeupe bure lakini soma kibao kwanza, ya njano sio yako.

Sheli: *benzina* ni petroli, *gasolio* ni dizeli, usibahatishe. Pampu zenye neno *servito* anakujazia mtu na bei iko juu, *self* unajaza mwenyewe.

Autostrada, yaani barabara kuu za kulipia: unachukua tiketi ukiingia, unalipa ukitoka. Njia za njano za Telepass, za wenye kifaa cha kulipia ndani ya gari, usiingie. Spidi 130, mvua ikinyesha 110, na kuna mfumo unaopima wastani wako kutoka kamera hadi kamera kwahiyo kupunguza mbele ya kamera hakusaidii. Njia ya kushoto ni ya kuovateki tu, ukimaliza rudi kulia. Mijini 50. Kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 15 Aprili barabara nyingi zinataka tairi za baridi au minyororo ndani ya gari, ulizia kaunta kama vipo.

Ukitaka kuvuka kwenda Uswisi au Austria kwanza uulize kampuni kama inaruhusu, halafu ujue huko nako kuna stika ya barabara kuu ya kulipia.

Hatua ya 8: Kurudisha gari na kinachofuata

Jaza tenki sheli ya karibu na utunze risiti. Piga video tena. Rudisha wakati ofisi iko wazi ili mtu alikague mbele yako na akupe karatasi, ukiacha funguo kwenye kisanduku usiku mkwaruzo wowote utakaoonekana asubuhi ni wako. Usitupe chochote, wala usifunge ile kadi, maana dipoziti inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa.

Faini ikija inakuja kwa awamu mbili. Kwanza kampuni ya gari inakata ada yake ya kuwapa polisi jina na anwani yako, hiyo sio faini yenyewe. Faini inafuata baadae kwa barua au imeili, na kwa anayeishi nje ya Italia wana hadi siku 360 za kukutumia. Ukilipa ndani ya siku 5 tangu kuipokea, nyingi zinapungua asilimia 30, kwahiyo ikifika ifungue siku hiyo hiyo, linganisha tarehe, saa na namba ya gari na mkataba wako, na kama ni yako kweli lipa kupitia tovuti ya manispaa iliyoandikwa kwenye barua.